Punda afe, mzigo ufike? Naomba njia ya kuendesha punda wa kazi hapa Amu bila kuwatesa

Mja wa Langoni

Assalaam alaykum, ndugu na mama zangu.

Naomba msaada katika jambo ambalo ni la kazi na la moyo pia. Nimekabidhiwa punda watatu wa mizigo hapa Amu, yaani Lamu mjini. Wanabeba mchanga, saruji na mawe ya kisiwa cha Manda kutoka majahazini hadi kwenye nyumba zinazojengwa mitaa ya Langoni na Gadeni. Maji yakiwa haba, huongezewa madumu. Wanaswagwa na vijana wawili.

Vijana wanasema punda bila fimbo hasogei. Wenye mizigo wana neno moja tu: punda afe, mzigo ufike. Sitaki kuamini kwamba mtu lazima achague kati ya kutesa na kukosa kazi, lakini huruma peke yake hainiambii nifanye nini kesho asubuhi.

Nataka kujua haya. Mzigo wa haki ni kiasi gani, kwa kupima na si kwa macho? Tandiko liweje? Mmoja ana chubuko kubwa kama sarafu ya shilingi 10 juu ya mabega, pale singa za shingo zinapoishia. Wa pili husimama ghafla kwenye kichochoro kimoja, na apigwe vipi hatoki. Na hawa vijana nikae nao vipi? Siwezi kumhurumia mnyama kwa kumkatia riziki mtoto wa mtu.

Fundi Tandiko

Wa alaykum salaam, kaka. Swali lako la vijana ndilo zito kuliko yote, ila wacha nianze na mzigo, maana fimbo mara nyingi huanzia hapo.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Uzungushe kifuani mwa punda, nyuma tu ya miguu ya mbele, ubane kidogo. Punda mzima mwenye kifua cha sentimita 110 ana kama kilo 115. Mwenye 115 ana kama kilo 130, na mwenye 120 anakaribia kilo 150. Usikadirie kwa macho, kwa sababu punda mwenye tumbo kubwa huonekana mzito kumbe ni minyoo na majani. Theluthi moja ya uzito huo ndiyo mwisho wa mzigo, na tandiko limo ndani ya hesabu. Kwa punda wa kilo 130, mwisho ni kilo 43. Tandiko zuri lina kilo 4 au 5, kwa hiyo mzigo wenyewe usizidi 38 au 39. Punda mzee, aliyekonda au anayepanda mlima wa mchanga apunguziwe zaidi.

Sasa tuje kwenye vitu tunavyobeba. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.6, na uliolowa hukaribia kilo 2. Debe la lita 20 la mchanga mkavu ni kilo 32. Ukitia debe moja kila upande umeshampa kilo 64, yaani nusu ya uzito wake, na hapo hujaweka tandiko. Kipimo cha haki kwa punda huyo ni lita 12 za mchanga mkavu kila upande, au lita 9 za uliolowa. Dumu la maji la lita 20 liwe moja kila upande, basi, na lisijae kabisa, maana mawili yaliyojaa ni kilo 40, yameshapita kidogo. Madumu manne ni kilo 80. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukilazwa mzima mgongoni una makosa mawili: uzito umepita, na wote unakaa juu ya uti wa mgongo. Mifuko minne igawe iwe safari sita, kama kilo 17 kila upande kwenye magunia mawili. Saruji iliyofunguliwa itumike siku ile ile, kwa hiyo panga na fundi mwashi mapema. Mawe ya Manda hayalingani. Nunua mizani ya kuning'iniza, pima mawe kumi, na macho ya vijana yatazoea.

Kumwambia kijana "usijaze sana" hakusaidii. Shona shogi fupi, ule mfuko wa pande mbili anaotandikwa punda. Likishonwa kwa kina cha lita 12 kila upande, hata mwenye haraka hawezi kuongeza ya 13, na hakuna haja ya kugombana na mtu kila asubuhi.

Chubuko la pale singa zinapoishia linaniambia tandiko lako limefanya nini. Aidha limewekwa mbele mno, likakaa juu ya mabega, au mito yake imebonyea mpaka kitambaa kinagusa mfupa. Tandiko sahihi ni mito miwili mirefu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati pawe na mfereji wa upana wa vidole vinne ambao haugusi kitu. Kila mto uwe na urefu wa sentimita 45 hadi 50, ujazwe usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) uliochambuliwa vizuri, unene wa sentimita 8 kabla ya kubonyea. Makumbi mabichi hayafai, yana vipande vigumu vinavyochoma. Upande wa ngozi uwe kitambaa cha pamba: marekani, au shuka nzee safi. Gunia la nailoni lisiguse ngozi kabisa. Halinyonyi jasho, linatia joto, na nyuzi zake hukata kama msumeno. Mshono wowote ugeuzwe upande wa nje.

Tandiko likae nyuma ya bega, juu ya mbavu. Usilirudishe nyuma mpaka kiunoni, kwa sababu pale hakuna mbavu za kuubeba uzito. Ukanda wa tumbo uwe na upana wa vidole vitatu au zaidi, na ukishafungwa kiganja kipite chini yake. Kamba nyembamba ya nailoni ndiyo inayowachana punda wengi chini ya kwapa. Ile inayopita chini ya mkia ivishwe kitambaa laini kilichosokotwa, na kifuliwe, maana kikikauka na kinyesi huwa kama msasa.

Pakieni watu wawili, pande zote kwa pamoja, na mpakue vivyo hivyo. Upande mmoja ukitangulia kupakuliwa, tandiko lote huzunguka na kumkwaruza, na mara nyingi chubuko huzaliwa pale mwishoni mwa safari, kila mtu akidhani kazi imekwisha.

Mswaga wa Zamani

Fundi amesema kweli kuhusu tandiko, na nimekubali. Ila kwenye fimbo tusidanganyane. Vichochoro vya Amu vina wageni, watoto, mikokoteni ya mkono, na punda wengine wanaotoka mbele. Kijana asiyekuwa na kitu mkononi hawezi kumwelekeza punda. Na jahazi halimsubiri mtu. Maji yakipwa, nahodha anataka mzigo wake uwe umeshuka. Ukienda na lita 12 wakati mwenzako anajaza debe, kesho mwenye nyumba atamwita yeye.

Daktari wa Mifugo, Malindi

Mzee wangu Mswaga, fimbo ya kuelekezea naikubali: nyepesi, inagusa bega au ubavu kumwonyesha upande. Fimbo ya kupigia haina kazi kwa punda, na sababu iko katika maumbile yake. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, aangalie, aamue. Ukimpiga wakati huo, umemthibitishia kwamba pale pana hatari, na kesho ataanza kusimama hatua kumi kabla ya kufika.

Kwa hiyo, kaka wa Langoni, nenda kwenye kile kichochoro bila punda. Iname mpaka kimo chake na utazame. Mara nyingi utakuta kifuniko cha mfereji kinacholia kikikanyagwa, maji yanayong'aa, kivuli kikali kinachokata njia, nguo zinazopepea, au sakafu laini iliyolowa inayoteleza kwato. Kinachoondoleka kiondoe. Kisichoondoleka, mwaga mchanga juu yake ili kisilie wala kisiteleze. Kisha mpitishe mtupu, saa ambayo hakuna watu, nyuma ya mwenzake asiyeogopa. Akisimama, kamba ilegee, kijana asimame ubavuni na si mbele akimkodolea macho, amwache anuse. Dakika mbili tatu hutosha. Akipita, apite tena mara tatu nne akiwa mtupu kabla ya kurudishiwa mzigo. Akiendelea kusimama pale pale panapopanda au kushuka ngazi, usidhani ni woga. Tazama miguu na mgongo, huenda anaumwa.

Hilo la maumivu nalikazia. Punda hufichua ugonjwa akiwa amechelewa sana. Halii, hagaragari sana kama farasi. Dalili zake ni ndogo: anajitenga na wenzake, masikio yamelala pembeni, anatafuna polepole, au ameinamia majani bila kuyameza. Punda asiyekula siku nzima ni wa daktari siku hiyo hiyo. Mafuta ya mwili huanza kumiminika kwenye damu na kumwua, hata kama ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo. Watu husema amekuwa mvivu. Mimi nikiambiwa punda amekuwa mvivu wiki hii, namtafuta kidonda.

Chubuko: tandiko lisirudi hapo mpaka ngozi ifunge yote na isiwe laini ukiibonyeza. Chubuko dogo likipumzishwa huchukua wiki moja au mbili. Likifanyishwa kazi likafika kwenye mfupa, unahesabu miezi. Safisha mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Usipake oili ya injini, majivu wala maji ya betri. Vyote vinaua nyama inayojaribu kuota. Na daktari amwangalie kwa ajili ya chanjo. Jina la pepopunda halikutoka hewani, wanyama wa jamii hii hushikwa nayo upesi sana, na mlango wake ni kidonda. Hapo Lamu mna hospitali ya punda ya shirika la The Donkey Sanctuary, iliyoanzishwa mwaka 1987. Waulize pia kuhusu dawa ya minyoo na kukata kwato. Kwato zitazamwe kila wiki 6 hadi 8, na panga lisiwe kifaa cha kuzikatia.

Maji: punda wa kazi kwenye joto la pwani anahitaji lita 15 hadi 25 kwa siku. Apewe kabla ya kupakiwa, kila baada ya safari mbili, na jioni. Ndoo isuguliwe, kwa sababu punda atakaa na kiu kuliko kunywa maji yanayonuka. Ile imani kwamba akinywa akiwa na jasho atakufa imewatesa wengi bure. Mpe nusu ndoo, asubiri kidogo, mpe tena. Ukitaka kujua kama amekaukiwa, bana ngozi ya shingo kisha uiachie; ikikawia zaidi ya sekunde mbili kurudi, kazi isimame.

Chakula ni majani makavu, kilo 3 kwa siku kwa uchache. Wali uliolala, mkate na pumba nyingi huleta msokoto wa tumbo na kuharibu kwato. Asibebe kitu kabla ya miaka mitatu, na mzigo kamili usubiri meno ya mbele ya pembeni yabadilike, karibu miaka minne na nusu. Mimba ni miezi 12, na miezi mitatu ya mwisho ni ya kupumzika.

Mja wa Langoni

Allah awalipe. Tandiko nimelifungua leo: mto wa kushoto umebonyea kabisa, na ndani ni gunia la nailoni. Huyo punda hafanyi kazi mpaka apone. Lakini neno la mzee Mswaga bado linanikaa kooni. Nikipunguza mzigo, mapato je? Na vijana?

Mpakuzi wa Forodhani

Tufanye hesabu. Safari 3 za kilo 80 ni kilo 240. Safari 6 za kilo 40 ni kilo 240 vilevile. Kwa kutazama hivyo utasema muda umeongezeka maradufu, lakini punda mwenye kilo 80 husimama njiani, huteleza, mzigo hupinda, mnaufungua na kuufunga upya kichochoroni watu wakisubiri kupita. Mwenye kilo 40 hutembea mwendo mmoja. Safari bado zitakuwa nyingi zaidi, sikufichi. Utakachookoa ni siku za punda aliyelala na kidonda. Una watatu, na mmoja ameshatoka kazini. Theluthi ya nguvu yako imekwenda kwa sababu ya mto uliobonyea.

Kuhusu jahazi, haraka ni ya chombo, si ya punda. Kinachobanwa na maji ni kushusha, na kushusha ni kazi ya mahamali, wapagazi wa bandarini. Lundo likae juu ya mstari wa maji, saruji chini ya turubai na juu ya mbao, kisha punda wahamishe kwa mwendo wao, hata kesho yake. Zungumza na mwenye nyumba kabla mzigo haujafika, umwambie lundo litakaa siku mbili, na mlipie vibali vya mahali kama vinahitajika. Wengi hukubali. Hasira huja pale anapoambiwa wakati mchanga umeshamwagwa mbele ya mlango wa mtu.

Tena itazame kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hujaa alfajiri na alasiri, na hizo ndizo saa za baridi, mambo yanakwenda pamoja. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hujaa karibu saa nne au tano asubuhi, na ukifuata chombo, punda wanaangukia kwenye jua la saa sita. Hapo ndipo lundo linapokusaidia: shusha saa tano, punda waanze saa kumi.

Kwa vijana, ukiwalipa kwa tripu, watakimbiza punda ili zipatikane tripu nyingi. Ukiwalipa kwa lundo zima, watapakia kupita kiasi ili limalizike mapema. Hawana ubaya wa moyo, wanafuata njia uliyowachorea. Walipe kwa siku, mkubaliane idadi ya safari kwa kila punda, tuseme nane kwa Langoni na sita kwa Gadeni, kutegemea umbali. Wakimaliza mapema waende nyumbani na ujira wao kamili. Ongeza kitu kidogo kila Alhamisi jioni ikiwa mmevua matandiko pamoja na migongo ni mizima.

Hapa kuna mtego. Zawadi ya mgongo mzima inaweza kumfanya kijana afiche chubuko. Kwa hiyo anayekuja mwenyewe Jumatatu kusema "huyu ameanza kuwa na joto hapa mgongoni" asikatwe hata senti, na zawadi yake ibaki. Anayekatwa ni aliyejua akanyamaza. Na wape viatu. Mswaga anayekanyaga mawe ya moto peku hana subira ya kumngoja punda anuse mfereji. Maji ya kunywa yawe ya punda na ya kijana kwa wakati mmoja. Ukiona ndoo ya punda imejaa na kijana anaomba maji majumbani, mpango wako una kasoro.

Bi wa Mkomani

Nami niseme ya majumbani, maana punda jioni huachwa wakazunguka mitaani na sisi ndio tunaowalisha, tukijua tusijue. Maganda ya ndizi, ya boga na majani ya mboga yatengwe na taka nyingine, yawekwe wazi chini. Mkiyafunga ndani ya mfuko, punda hula na mfuko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini karatasi za nailoni za biskuti, kamba za magunia na vipande vya nyavu bado vimejaa, na vikijisokota tumboni hakuna dawa ya kunywesha itakayovitoa. Kamba ikatwe vipande vifupi na ifungwe kwenye chupa kabla ya kutupwa.

Beseni la maji kwenye kona ya baraza, lenye kingo pana lisipinduke, libadilishwe asubuhi na jioni. Tuwakataze watoto kumrukia punda aliyelala. Huo ndio usingizi wake. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hupiga teke akishtuliwa kwa nyuma au akiguswa penye kidonda. Pita mbele, sema naye, gusa shingo kwanza. Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza tumche Mungu kuhusu wanyama hawa wasioweza kusema, na mwanangu wa Langoni, kijana wako akilijua hilo kutoka nyumbani hutahitaji kumsimamia sana.

Mswaga wa Zamani

Bi, nimekusikia, na daktari pia. Lile la lundo juu ya mstari wa maji lina maana; tatizo letu ni kwamba tunapatana na mwenye nyumba mzigo ukiwa umeshafika. Fundi, swali moja: shogi la lita 12 unalishonaje ili lisilegee na kuongezeka baada ya mwezi?

Fundi Tandiko

Mzee, chini pawe na ukili (mkanda wa majani ya mkindu uliosukwa) mnene wa safu mbili, na upitishe ukambaa (kamba ya majani iliyosukwa) ukingoni ili mdomo usitanuke. Kisha upande wa nje, kwenye kimo cha lita 12, toboa matundu manne na uyazungushie uzi yasichanike. Mchanga ukizidi hapo humwagika wenyewe punda akianza kutembea. Pima kwa ndoo ya lita 10 na chupa mbili za lita moja kabla ya kutoboa, na upime ukiwa umelitandika juu ya punda, si chini, kwa sababu likining'inia hufunguka tofauti. Kaka wa Langoni, lete ule mto uliobonyea tuujaze upya; usumba wa mito miwili ni kama kilo 3, na uukaushe juani siku mbili kwanza.